Kabla Hujamuuliza Mtu Yeye ni Nani

Morogoro,
14 Julai 2024

Mwanangu mpendwa, baba,

Ijumaa uliponipigia kutoka kwenye mafunzo yenu sauti ilikatika mara tatu, na nilichookota ni hiki: umepangiwa Njombe, dodoso lenu ni refu mno, na ndani yake limo swali moja lililokuudhi. Ulisema, "Shangazi, wanataka tumuulize mtu achague kati ya Utanzania na kabila lake. Si kupandikiza kitu ambacho hakipo?" Kisha mtandao ukapotea kabisa.

Nimekaa siku mbili na maneno yako. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu wewe hujibu haraka na mimi hujibu haraka zaidi. Barua utaisoma jioni ukiwa umeshavua viatu. Mimi kazi ya udadisi niliianza mwaka 2003 nikaifanya miaka kumi na moja, nikitembea na madodoso ya karatasi kwapani kabla ya hivi vishikwambi vyenu, na swali hilo nimeliuliza kwa watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nina jambo la kukuambia juu yake kabla hujalipeleka kwenye uwanja wa mtu.

Nianze na babu yako, yule uliyepewa jina lake, ambaye kwa ajili yake nakuita baba. Alitoka Tabora, Mnyamwezi, akaja huku akiwa kijana kukata mkonge upande wa Kimamba. Yeye na wenzake waliitwa manamba kwa vile kila mmoja alipewa namba, na siku zake za kazi zilitiwa alama kwenye kipande mpaka zitimie 30. Namba yake aliikumbuka hadi uzeeni. Bibi yako ni Mluguru wa mlimani, aliyekuwa akiteremsha ndizi sokoni. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa Wanyamwezi, baba akishatoa mahari, mtoto ni wake. Mzee alitoa mahari, kidogo kidogo, kutoka kwenye ujira wa mkonge. Kwa hiyo mimi na baba yako tulizaliwa tukiwa na pande mbili, kila upande ukitudai kwa haki yake kamili, na hakuna aliyetulazimisha kuchagua. Tukipanda mlimani tulikuwa Waluguru. Wakija wageni kutoka Tabora tulikuwa Wanyamwezi. Siku mzee alipofariki, wajomba zako Wazaramo, upande wa mama yako, waliuzuia mlango jeneza lisitoke mpaka wapewe chochote, kwa kuwa Mnyamwezi ni mtani wao. Na ukumbuke jinsi bibi yako alivyocheka katikati ya kilio chake. Wewe ulikuwa na miaka sita, ulikuwa umebebwa mgongoni kwangu.

Sasa ile 2003, kwenye mafunzo, tulifanya mazoezi wawili wawili. Mwenzangu alikuwa binti wa Kihaya, mwepesi wa kuandika. Akafika kwenye swali: kabila lako? Nikanyamaza. Yeye ameshika kalamu, ananisubiri. Nikamwambia baba huyu, mama yule. Mkufunzi akapita nyuma yetu akasema, "Andika moja tu." Nikasema Mluguru. Usiku nilijisikia kama mtu aliyemwacha baba yake stendi. Swali lililofuata ndilo hilo lako: ukitakiwa kuchagua, wewe ni Mtanzania au ni Mluguru? Kuna majibu matano, toka "kabila tu" mpaka "Mtanzania tu", katikati lipo la vyote sawa. Nilijibu "Mtanzania tu" kabla hajamaliza kusoma, na nilijibu hivyo kwa sababu nilitaka kutoka. Neno hilo lilikuwa pana kiasi cha kuwaingiza baba na mama kwa pamoja.

Tangu siku hiyo sijawahi kuamini kwamba watu wawili waliojibu "Mtanzania tu" wamesema kitu kimoja. Nimelisikia kwa mwalimu mstaafu aliyezaliwa Bukoba, akafundisha Songea, akaoa Singida, naye alilitamka kama mtu anayetaja shamba alilolilima mwenyewe. Nimelisikia kwa binti wa Temeke asiyejua lugha yoyote isipokuwa Kiswahili, ambaye ukimuuliza kabila hujibu kwa kumtaja babu yake. Nimelisikia kwa mzee aliyelisema huku akimtazama mwenyekiti wa kitongoji aliyekuwa amesimama nyuma yangu. Kwenye jedwali wote watatu wataingia kwenye asilimia ileile.

Basi unasema swali linapandikiza. Nakuelewa, maana wewe umekulia kwenye nchi ambayo serikali yake haikuulizi kabila. Sensa ya mwisho kuuliza ilikuwa ya 1967. Zile za 1978, 1988, 2002, 2012 na hii ya 2022 iliyotuhesabu watu 61,741,120 hazikugusa jambo hilo. Kwa mtu wa umri wako, mgeni mwenye kishikwambi anayeuliza kabila ni kitu kigeni, na wengi utakaowahoji watashtuka kama ulivyoshtuka wewe. Lakini kutouliza kwa sensa kulikuwa uamuzi wa watu, kama vile kuwaondolea machifu madaraka mwaka 1963, kama vile kumpeleka mwalimu wa Kagera akafundishe Ruvuma. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 haikuamka asubuhi moja ikajikuta ni moja. Na kitu kilichojengwa hukaguliwa. Anayepita na kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kusikiliza kama umeshika, hajaja kuubomoa.

Kuna matokeo ninayoyapenda sana, ya utafiti wa kwanza wa maoni wa Afrobarometer hapa kwetu, mwaka 2001. Wao waliuliza swali la wazi, bila kuweka majibu mezani: mbali na kuwa Mtanzania, unajiona wewe kwanza kabisa ni wa kundi gani? Waliotaja kabila walikuwa 3 tu katika kila 100, wachache kuliko nchi zote 12 za awamu ile. Waliotaja kazi yao walikuwa 76. Watu walisema mkulima. Mfanyabiashara. Fundi. Yapo ya kujadili hapo: swali lenyewe lilitanguliwa na mifano, na mkulima alikuwemo kwenye mifano, na mdadisi mzoefu anajua kwamba mfano huelekeza ulimi. Hata hivyo nchi nyingine zilisomewa mifano ya namna hiyohiyo na hazikujibu hivyo. Mimi naliona jembe na nyundo pale. Kizazi cha babu yako kiliambiwa kwa miaka mingi, redioni, mikutanoni, kwenye kanga za mama zetu, kwamba nchi ni ya wakulima na wafanyakazi, na mgeni alipokuja kuwauliza ninyi ni nani, wakamjibu kwa neno walilopewa na walilolikubali. Babu yako angejibu mkata mkonge. Nina hakika.

Na jambo hili linaonekana hata kwenye madawati ya shule. Mchumi mmoja wa Marekani, Edward Miguel, alilinganisha wilaya mbili za pande mbili za Ziwa Viktoria, Busia ya Kenya na Meatu yetu, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Matokeo yake yalichapishwa 2004. Busia, penye mchanganyiko mkubwa wa makabila, shule zilipata michango midogo kuliko penye kabila moja. Wazazi walisitasita kuchangia pamoja. Meatu hakulikuta pengo hilo. Vijiji vyenye watu mchanganyiko vilichangia shule yao kama vijiji vingine. Maelezo yake yalikuwa ni hayo ninayokuambia: lugha moja, mtaala wa shule, serikali ya kijiji ya kuchaguliwa, na miongo ya siasa iliyosukuma upande huo. Nilipolisoma hilo nilifurahi, mwanangu, mpaka nikamsomea bibi yako. Yeye akauliza, "Na dawati linakaa watoto wangapi?" Swali lake lilikuwa zuri, na nitalirudia.

Wakenya nao usiwadharau, maana vijana wetu wana tabia ya kujisifu kwao. Sensa yao huuliza kabila. Mwaka 2009, mwaka mmoja na miezi baada ya zile ghasia za uchaguzi zilizoua watu zaidi ya elfu moja, watu zaidi ya laki 6 waliosimama mbele ya karani wa sensa walikataa kutaja kabila, wakasema waandikwe Mkenya. Wakaandikwa hivyo, kwa mstari wao kwenye jedwali. Mimi jedwali hilo nililikuta ofisini, nikalitazama muda mrefu. Sisi kusema "Mtanzania" hakukutugharimu chochote. Wale walilisema neno lao wakati majirani walikuwa bado hawajarudi makwao.

Tena kuna la wakati. Miguel huyohuyo na wenzake wawili walizikusanya hojaji za watu zaidi ya 35,000 kutoka nchi 10 za Afrika, wakatazama utafiti ulifanyika miezi mingapi kabla au baada ya uchaguzi wa rais. Waliona kwamba penye ushindani mkali, kila mwezi mmoja unavyousogelea uchaguzi, wanaojitambulisha kwa kabila huongezeka kwa pointi 1.8 za asilimia. Nchi ni ileile, kilichobadilika ni kalenda. Wewe unaingia Njombe Julai. Novemba kuna uchaguzi wa serikali za mitaa na mwakani uchaguzi mkuu. Andika tarehe ya kila mahojiano kwa usahihi, hata pale unapoona kishikwambi kinaijaza chenyewe. Hakikisha.

Na Zanzibar ni habari nyingine. Nilipelekwa Pemba mara moja, mzee mmoja akalisikiliza swali lote kwa adabu, kisha akasema kwamba hapa kabila halina uzito unaoufikiria, mwanangu, uzito uko kati ya Mzanzibari na Mtanzania, na hilo karatasi yako haikuliuliza. Niliyaandika maelezo yake pembeni. Sikuwa na mahali pa kuyaweka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa limenikalisha niandike. Ulilalamikia swali la kabila, lakini kuna kurasa ulizozitaja haraka haraka, ukasema ni "yale ya kawaida". Katika miezi 12 iliyopita, wewe au mtu wa familia yako, ni mara ngapi mmekosa chakula cha kutosha? Maji safi? Dawa au matibabu? Nishati ya kupikia? Fedha taslimu? Hakuna hata mara moja, mara moja au mbili, mara kadhaa, mara nyingi, siku zote. Hayo ndiyo ya kawaida, baba, na ni hayo niliyokuwa nikiyakosea.

Mwaka mmoja, kiangazi, katika kijiji ambacho sitakitaja, nilimhoji mwanamke wa miaka kama thelathini. Alikuwa akipukuchua mahindi. Pembeni walikaa mama mkwe wake na majirani wawili, na mimi kwa haraka yangu sikuomba tusogee faragha kama tulivyofundishwa; jua lilikuwa linatua na nilibakiza kaya mbili. Swali la Mtanzania au kabila alilijibu kwa sauti ya shule: Mtanzania tu. Nikafika kwenye chakula. Alilitazama debe lililokuwa mbele yake, akasema, "Hata mara moja." Nikaweka alama. Maji? Mara nyingi. Dawa? Hapo mama mkwe akadakia, na majirani nao, kila mmoja na habari yake ya zahanati ambayo mtu huandikiwa karatasi akanunue dukani. Siku zote, akasema, na wote wakakubali.

Tulipomaliza akanisindikiza. Tulipoupita mti wa mwembe, pale sauti isiporudi nyumbani, akasimama. "Dada, lile la chakula. Tulikosa. Februari mpaka Aprili tulipika mara moja kwa siku. Lakini ningesemaje pale?" Nilitoa dodoso kwenye mfuko, nikaliweka juu ya goti, nikakata alama ya kwanza nikaweka nyingine kwenye "mara nyingi". Alikuwa ananitazama mkono unavyoandika. Jioni msimamizi wangu aliliona lile jibu lililokatwa, akasema jibu halali ni lile lililotolewa ndani ya mahojiano, la njiani ni mazungumzo. Tulibishana mpaka taa ikaisha mafuta. Sijui hata leo ni lipi liliingia kwenye kompyuta, na limeniuma miaka yote hii, kwa kuwa kosa la kwanza lilikuwa langu.

Lakini lilinifundisha kusoma majedwali. Kukosa dawa watu walilisema mbele ya kadamnasi bila haya, kwa sababu aibu yake inaiangukia serikali. Kukosa chakula aibu yake inaiangukia nyumba, inamwangukia mume, inamwangukia mama mkwe aliyekaa pale. Ukiona kwenye ripoti idadi ya waliokosa dawa ni kubwa na ya waliokosa chakula ni ndogo, kumbuka ule mwembe. Na kumbuka kwamba mwanamke yule alikuwa ametamka "Mtanzania tu" dakika ishirini kabla, na naamini alilimaanisha. Hayo majibu mawili yamo ndani ya dodoso moja, la mtu mmoja, na wenye kuandika ripoti huwa wanayaweka sura tofauti: utaifa sura ya tatu, umaskini sura ya saba. Ningekuwa na uwezo ningeyafunga pamoja kwa uzi. Mtu anaposema mimi ni wa nchi hii, anasema pia kwamba nchi hii inanihusu. Kinachofuata ni kumuuliza je, na wewe unaihusu? Bibi yako alipouliza watoto wangapi kwenye dawati, alikuwa analisema hilo.

Huko Njombe utakutana na jambo gumu zaidi. Utauliza kuhusu chakula na wengi watakuambia hawajakosa, na watakuwa wanasema kweli. Mahindi yapo, viazi vipo, maharage yapo. Lakini utafiti wa afya wa 2022, ule wa kupima watoto urefu, ulikuta nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wana udumavu, wakati wastani wa taifa ni 30 katika 100. Kwa hiyo usitoke uwanjani kwa mtu ukidhani umeshamaliza kuijua nyumba yake kwa kuwa umemaliza maswali. Dodoso linaona kile lilichotengenezwa kukiona.

La kuchagua nyumba pia nikuambie, maana ndipo vijana huharibu kazi wakidhani ni jambo dogo. Ulipokuwa mtoto ulimwona mzee wa ghalani akinunua mchele kwa bambo. Alilichoma gunia juu, katikati na chini, kwa kuwa alijua kuna wakulima wanaoweka mchele safi mdomoni mwa gunia na chenga chini. Sampuli yenu ni bambo. Watu wapatao 2,400 wakichaguliwa kwa bahati nasibu wanatosha kuisemea nchi nzima, na mara 95 katika 100 jibu lao halitapishana na la nchi nzima zaidi ya asilimia kama 2 juu au chini. Hesabu hiyo inasimama ikiwa tu kila nyumba ilikuwa na nafasi ya kuchaguliwa. Siku utakapohesabu nyumba, hesabu ikaangukia ile iliyo ng'ambo ya korongo, mwenyewe yuko shambani na hatarudi hadi magharibi, na hapo ulipo kuna nyumba ya bati, mwenye nyumba anakukaribisha chai, utashawishika. Mimi nilishawishika. Ukiingia kwenye ile ya bati umenunua mdomo wa gunia. Na ukikuta kaya imepangiwa mwanamke, mume akasema "niulize mimi, yeye hajui mambo ya siasa", mwambie kwa heshima kwamba karatasi imemtaja mama. Hao wanaoambiwa hawajui ndio hujibu swali la maji kwa uhakika, kwa sababu ndio wanaoyateka.

Mwisho kabisa wa madodoso ya aina hii huwa kuna swali watu hulipita haraka: unadhani ni nani ametutuma? Umeshajitambulisha, umeshaonyesha barua ya mtendaji, umeshasema ninyi si wa serikali wala wa chama chochote. Bado wengi watakujibu, serikali. Usibishane nao, andika. Jibu hilo linayafasiri mengine yote yaliyotangulia. Mtu anayeamini umetumwa na serikali huchagua maneno yake juu ya serikali, na pengine ndiyo sababu ripoti ya ule utafiti wa 2001 iliwaita Watanzania ama wasiohoji ama wenye subira. Watafiti wenyewe waliliacha likiwa swali. Mimi naamini ni subira. Na naamini subira inaweza kupimwa ikipungua.

Wewe ulikuwa sekondari yalipotokea ya 2018, huenda hukuyafuatilia. Watu wa shirika la Twaweza wanao utafiti wao wa simu, Sauti za Wananchi, waliouanza 2013 kwa kuzipa kaya 2,000 simu na chaja za sola ili waweze kuzipigia mara kwa mara. Mwaka 2016 waliomkubali Rais wa wakati huo kwa utendaji wake walikuwa 96 katika 100. Mwaka uliofuata 71. Julai 2018 wakatangaza 55. Tume ya Sayansi na Teknolojia ikawaandikia kuhoji kibali, mkurugenzi wao akanyang'anywa pasipoti, na kabla mwaka haujaisha Sheria ya Takwimu ikarekebishwa, ikawa kosa kutoa takwimu zinazopinga zile rasmi. Mwaka 2019 kifungu hicho kililegezwa. Nakuambia haya ili ujue kwamba kile unachokibeba kwenye kishikwambi kina uzito. Ile 55 isingemshtua mtu kama ingekuwa porojo. Imetoka kwa watu waliopokea simu wakiwa shambani au wakiwa sokoni, wakasema wanachofikiri. Na ile 96 ilikuwa sauti yao vilevile. Anayeipokea moja akaikataa nyingine hajawasikiliza.

Kwa hiyo swali lako la kabila, liulize. Lisome neno kwa neno kama lilivyoandikwa, usiliombee radhi, usicheke, usitoe uso wa kumwonyesha mtu jibu unalolipenda. Akinyamaza, mwache anyamaze. Huenda amesimama pale niliposimama mimi, baba upande huu, mama upande ule. Wabena, Wakinga na Wapangwa wa huko wameoana sana, na wafanyakazi wa chai na mbao wamekuja kutoka mbali. Hutakosa kuwakuta kina babu yako. Ukimaliza naye, na akikusindikiza, tembea polepole mpaka mpite mwembe wake, au mti wowote ulioko huko kwenye baridi.

Juu ya baridi: Julai Njombe huwa na sakitu asubuhi, na baba yako ananiambia ulisafiri na koti moja jepesi. Nimempa kondakta wa basi la Jumanne mfuko wa kijani. Ndani mna sweta la marehemu babu yako, lile la kijivu. Viwiko nimevishona upya. Mna soksi jozi tatu na karanga alizokaanga bibi yako. Bibi anasema ulipoulizwa wewe mwenyewe lile swali kwenye mazoezi, ulijibu nini? Anataka kujua, na ameniambia niandike kwamba hatakasirika.

Ni mimi,
Shangazi yako